Hana Malaria, au Hajaonekana?

Shangazi alikishika kile kipimo karibu na macho, akakielekeza dirishani penye mwanga, akakitazama tena. Mstari mmoja mwekundu penye herufi C. Penye T, peupe.

Tulikuwa kwenye benchi la zahanati, wilayani Muheza, mvua za masika zikiwa zimeshika kasi. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa amenilalia mapajani, mwili unachoma.

"Hana malaria, bibi," muuguzi alisema.

"Mwanangu, nikuulize," shangazi akamjibu, bila ubishi wowote. "Hana, au hicho hakijamwona?"

Muuguzi alikuwa na foleni iliyofika mlangoni. Alimwambia kwa upole kwamba kipimo ni cha kuaminika, kisha akampeleka mtoto kwa mganga. Mganga akachungulia masikioni, akakuta sikio la kushoto limeiva usaha. Mtoto akaandikiwa dawa, homa ikashuka, akarudi kukimbizana na kuku.

Kwa hiyo kipimo kilisema kweli siku ile. Naomba hilo likae wazi kabla sijaenda mbali.

Ila swali lilinifuata mpaka nyumbani, likakaa nami wiki baada ya wiki. Nikiosha vyombo lipo, nikipanda daladala lipo. Kwa sababu nilikuwa nimesikia juujuu kwamba kuna vimelea vya malaria, huko Pembe ya Afrika, vilivyoipoteza ile alama ambayo kipimo chetu hukitafutia kimelea. Nilikuwa nimelipita jambo hilo kama habari za mbali. Baada ya siku ile nikaanza kulisoma kwa makini, usiku, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba shangazi aliuliza jambo ambalo maabara kubwa za dunia zinahangaika nalo.

## Kengele shingoni

Kipimo cha haraka hakimtafuti mdudu mwenyewe.

Tone la damu ya kidole likiwekwa na kimiminika chake, linapanda kwenye utepe na kukutana na kingamwili zilizobandikwa vijichembe vya dhahabu. Ule wekundu tunaousoma ni rangi ya dhahabu hiyo ikiwa imesagwa ndogo kupita kiasi. Kingamwili hizo zimefundishwa kukamata protini moja, HRP2, ambayo kimelea cha Plasmodium falciparum, yule wa malaria kali zaidi, huimwaga kwa wingi ndani ya damu. Ikikamatwa, dhahabu inanasa penye T, na mstari wa pili unatokea. Mstari wa C unatuambia tu kwamba utepe umefanya kazi. Kuhusu malaria hausemi lolote.

HRP2 ilichaguliwa kwa sababu nzuri. Ni nyingi, na umbo lake lina vipande vinavyojirudiarudia, hivyo kingamwili nyingi zinaweza kushikilia protini moja. Ndiyo maana kipimo kinaweza kumgundua mtu mwenye vimelea vichache. Ina kasoro inayojulikana na kila muuguzi: hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo aliyetibiwa mwezi uliopita anaweza kuonyesha mistari miwili na hana ugonjwa.

Kasoro ya upande wa pili ndiyo iliyoninyima usingizi.

Maelekezo ya kutengeneza HRP2 yamo kwenye jeni iitwayo pfhrp2, karibu na ncha ya kromosomu ya 8 ya kimelea. Ina ndugu yake, pfhrp3, karibu na ncha ya kromosomu ya 13, ambayo hutengeneza protini inayofanana nayo kiasi cha kuweza kukiwashia kipimo mstari hafifu vimelea vikiwa vingi. Sehemu za ncha za kromosomu hazitulii. Vipande hukatika na kuungwa upya kila mara. Kimelea kinaweza kupoteza jeni moja, au zote mbili.

Na kikizipoteza, kinaishi. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Wanasayansi wamekuwa wakifuga maabara kwa miongo mingi kimelea cha aina ya Dd2, chenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambacho hakina pfhrp2 hata kidogo. Kinakula, kinazaana, kinapasua chembe nyekundu za damu kama wenzake.

Mchungaji anayewatafuta mbuzi gizani kwa mlio wa kengele atawakusanya wengi. Aliyedondosha kengele yake atabaki porini, mzima, akitafuna majani.

## Ghindae na Massawa

Eritrea ndiko ilikobainika wazi kwamba jambo hili si la maabara tu.

Wahudumu wa afya walianza kuona wagonjwa wenye dalili zote za malaria, kipimo kinasema hapana, hadubini inasema ndiyo. Jambo la kwanza lililoshukiwa ni vipimo vyenyewe. Ningeshuku hivyohivyo. Joto la pwani ya Bahari ya Shamu ni kali, stoo ni za mabati, kipimo kinaweza kuharibika njiani. Ubora ukachunguzwa, wa vipimo na wa matumizi yake. Vipimo havikuwa na hatia.

Mwaka 2016 damu ya wagonjwa 50 wa hospitali mbili ikachunguzwa vinasaba. Hospitali ya Ghindae, wagonjwa 21 kati ya 26 walikuwa na vimelea visivyo na pfhrp2. Massawa, 10 kati ya 24.

Nilizisoma namba hizi mara nyingi. Ishirini na mmoja kati ya ishirini na sita.

Fikiria mama wa Ghindae, mtoto mgongoni, ametembea na jua lile, anapimwa, anaambiwa mtoto hana malaria, anarudi nyumbani. Anafanya kila tulichomfundisha: amewahi, amepima, ameheshimu majibu. Na malaria ya falciparum kwa mtoto mdogo haisubiri. Inaweza kufika ubongoni au kummaliza damu ndani ya muda mfupi sana. Watu wote katika mnyororo ule wametimiza wajibu wao, na mtoto yuko hatarini.

Eritrea iliviondoa vipimo vinavyotegemea HRP2 peke yake mwaka huohuo wa 2016. Nchi ndogo, yenye fedha kidogo, iliona, ikathibitisha, ikabadili. Naiheshimu sana kwa hilo.

Jirani zake hawakuwa mbali na moto. Djibouti, kati ya sampuli za wagonjwa zilizokusanywa mwanzoni mwa 2019, asilimia 86.5 zilikosa jeni zote mbili. Nchi hiyo mwaka 2012 ilikuwa imerekodi wagonjwa 27 tu, mwaka mzima. Kufikia 2020 walizidi 73,000. Sehemu kubwa ya balaa hilo inatokana na mbu mgeni, Anopheles stephensi, anayependa mijini. Lakini mbu mpya pamoja na kimelea kisichoonekana kwenye kipimo ni mkosi juu ya mkosi. Ethiopia nayo ilipima watu zaidi ya 12,000 kwenye mipaka yake na Eritrea, Sudan na Sudan Kusini, mwaka 2017 na 2018. Ilikadiriwa kwamba karibu asilimia 10 ya wagonjwa wa falciparum walikuwa wakipitwa na kipimo kwa sababu ya jeni iliyopotea. Baadaye Ethiopia pia ikaamua kubadili vipimo.

## Peru ikanivurugia hoja

Nilipofika hapo nilikuwa tayari na maelezo kichwani, na yalikuwa yamekaa vizuri. Tunapima kwa HRP2. Anayeonekana anatibiwa, kimelea chake kinakufa. Asiyeonekana hapewi dawa, kimelea chake kinabaki, mbu anakinyonya, anakipeleka kwa jirani. Mwaka hadi mwaka, kipimo chenyewe kinachagua nani abaki. Tunavifuga sisi.

Kisha nikasoma habari za Peru.

Huko ndiko tatizo liligunduliwa kwanza. Sampuli za bonde la Amazoni, zilizokusanywa kati ya 2003 na 2007, zilionyesha asilimia 41 ya vimelea havina pfhrp2 na asilimia 70 havina pfhrp3. Utafiti ukachapishwa 2010. Lakini Peru walikuwa wakipima malaria kwa hadubini. Kipimo cha HRP2 hakikuwa mlinzi wa lango la dawa kule. Hakukuwa na mchujo wa kipimo wa kukibeba kimelea kisicho na alama.

Basi nani alikibeba?

Niliiacha makala hii hapo kwa muda. Sikutaka kuandika habari ya kimelea mjanja na kipimo kilichomfundisha ujanja huku nikijua kuna sehemu ya dunia inayokataa habari hiyo. Jibu ninaloweza kulisimamia leo ni hili: njia ni zaidi ya moja. Mahali ambapo vimelea ni vichache na vinafanana, kama Amazoni, bahati tu inaweza kukipandisha kimelea kisicho na jeni, kwa sababu kundi ni dogo na aliyebahatika anajaza nafasi. Kwenye Pembe ya Afrika hali inasoma tofauti. Uchunguzi wa vinasaba vya vimelea vya Ethiopia ulionyesha kwamba pfhrp3 ilipotea zamani, zaidi ya mara moja, kabla ya haya yote. Kupotea kwa pfhrp2 kulikuja baadaye, kukaenea kwa kasi, na maeneo ya kromosomu yaliyoizunguka yana alama za kitu kilichosukumwa mbele na mchujo. Pale, kipimo kina mkono wake.

Tena kumbuka kwamba mchujo huo ulitokana na sera nzuri. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitaka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Kabla ya hapo tuliomeza klorokwini kwa kila homa tunajua ilikuwaje. Dawa zilipotea kwa watu wasiozihitaji, na magonjwa mengine, kama sikio la yule mtoto, yalijificha nyuma ya jina la malaria. Sitamani kurudi huko.

## Kuthibitisha kisichopo

Kuna jambo la maabara ambalo waandishi wengi hulipita haraka, nami nataka nikae nalo.

Utajuaje kwamba jeni haipo?

Ukitaka kuonyesha kwamba ipo, kazi ni rahisi: unaizalisha kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande cha jeni mara nyingi mpaka kionekane, inatokea, umemaliza. Kutokuwepo ni kazi nyingine kabisa. Mashine isipotoa kitu, huenda jeni haipo. Au damu iliyokaushwa kwenye karatasi ilikaa sana kwenye unyevu. Au vimelea vilikuwa vichache mno. Au viasili vya kuanzishia PCR havikushika vizuri. Kila moja ya hizo inatoa ukimya uleule.

Ni swali la shangazi, sasa liko mikononi mwa mtaalamu aliyevaa koti jeupe: haipo, au haijaonekana?

Njia waliyokubaliana inahitaji uvumilivu. Mgonjwa mwenye homa anapimwa kwa vipimo viwili, kimoja cha HRP2 na kingine kinachotafuta kitu tofauti. Wanaofuatiliwa ni wale ambao cha kwanza kimekaa kimya na cha pili kimetoa mstari. Damu yao inapelekwa maabara, na kabla mtu hajasema pfhrp2 haipo ni lazima aonyeshe kwamba jeni nyingine za kimelea hichohicho, katika sampuli hiyohiyo, zinatokea bila shida. Ndipo ukimya wa pfhrp2 unapopata maana. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kupima kama protini yenyewe imo kwenye damu.

Ugumu huu umewahi kutoa picha zinazopishana. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mfano. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014, wa watoto chini ya miaka mitano, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya walioambukizwa walikuwa na vimelea visivyo na pfhrp2. Watu wakashtuka, kwa haki kabisa. Lakini wale walikuwa watoto waliochukuliwa majumbani, wengi wao si wagonjwa. Watafiti walipowatazama watu waliofika vituoni wakiugua, katika mikoa mitatu, hawakukuta vimelea hivyo. Kwa anayepanga kipimo gani kinunuliwe, mgonjwa wa kituoni ndiye anayehesabiwa.

Siku nilipoelewa tofauti hiyo niliacha kusambaza vichwa vya habari kwenye kundi la familia.

## Hapa kwetu

Mwaka 2021 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na washirika wake waliwachunguza wagonjwa wa vituo vya afya katika mikoa 10 ya Tanzania Bara, wakitafuta hasa jambo hili. Walivikuta vimelea vilivyopoteza jeni, ila kwa nadra sana. Havikukaribia kiwango cha kutufanya tubadili vipimo.

Ni habari njema. Kipimo ulichopimwa jana zahanati ya kwenu, kwa hali iliyoonekana, kinamwona falciparum.

Lakini sababu mojawapo ya wema wa habari hiyo haifurahishi. Penye malaria nyingi mtu hubeba aina kadhaa za vimelea kwa wakati mmoja. Asiye na kengele yumo ndani ya kundi lenye kengele. Kipimo kinawasikia wenzake, mgonjwa anapewa dawa mseto, wote wanakufa pamoja. Malaria ikipungua, kila mgonjwa anabaki na aina moja tu. Hapo ndipo kimelea kisicho na alama kinapokuwa peke yake, na kipimo kinanyamaza.

Na sisi tunapunguza malaria. Kati ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa kitaifa, waliokuwa na vimelea walikuwa asilimia 18 mwaka 2007/08. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 8. Kuna mikoa ambayo sasa iko chini ya asilimia moja. Zanzibar imefika mbali zaidi. Muheza ya utoto wa shangazi, ambayo karibu kila familia ilizika mtoto kwa ajili ya homa, si Muheza ya leo.

Mafanikio yetu yenyewe yanatengeneza mazingira anayoyapenda kimelea huyu. Nimelitafuta neno la kulilainisha hilo, sijalipata.

## Dawa ikiingia kwenye hesabu

Kuna jambo moja lililonifanya nifunge kompyuta na kutoka nje kutembea.

Dawa mseto inategemea artemisinini, na kuna mabadiliko ya jeni ya K13 yanayomfanya kimelea achelewe kufa kwa dawa hiyo. Eritrea wana badiliko liitwalo R622I. Lilikuwa kwenye asilimia 8.6 ya sampuli mwaka 2016. Mwaka 2019 likafika asilimia 21. Matokeo hayo yalichapishwa 2023, na ndani yake kulikuwa na sentensi kuhusu hrp2 na hrp3, yaani zilezile pfhrp2 na pfhrp3: kati ya vimelea vyenye R622I, asilimia 16.9 vilikuwa vimezipoteza zote mbili.

Kimelea kimoja, ndani ya mwili wa mtu mmoja, hakionekani kwa kipimo na kinachelewa kuuawa na dawa.

Kagera tunalo badiliko letu la K13, R561H, lilelile lililotangulia kuripotiwa Rwanda. Wilayani Karagwe lilikutwa kwenye zaidi ya asilimia 20 ya sampuli za 2021. Sijaona ushahidi kwamba huko Kagera yamekutana na kupotea kwa hrp2, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimesema hivyo. Ninachosema ni kwamba Eritrea imetuonyesha kuwa yanaweza kukutana.

## Hofu ya kuandika

Sasa nifike kwenye kilichonichelewesha kuliko yote.

Shangazi ana miaka zaidi ya sabini. Amewahi kuambiwa na mtu wa duka la dawa kwamba "hivi vipimo vinadanganya, meza tu mseto." Wengi wenu mmeambiwa hivyohivyo. Imani katika jibu la "huna malaria" imejengwa kwa jasho la wauguzi, kijiji kwa kijiji, kwa zaidi ya muongo mmoja, na bado ni changa. Nikiandika kwamba kuna vimelea visivyoonekana, nitakuwa nimempa nguvu yule wa duka la dawa?

Nilimpigia simu binamu yangu ambaye ni mtaalamu wa maabara, nikamweleza wasiwasi huo. Alinyamaza kidogo.

"Dada, watu hawapotezi imani kwa sababu wameelezwa ukweli," akasema. "Wanaipoteza siku mtoto amefariki na karatasi mkononi imeandikwa hana malaria, halafu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba inawezekana."

Akanikumbusha pia kwamba kipimo kukaa kimya kwa mtu mwenye malaria kuna sababu nyingi za kawaida kuliko jeni iliyopotea: vimelea vichache mwanzoni mwa ugonjwa, damu kidogo, kimiminika kilichozidi, kipimo kilichopikwa na joto stoo, msomaji aliyesoma kabla ya dakika kutimia. Akiona jibu hasi asiloliamini, cha kwanza anachofanya ni kuomba slaidi, damu itazamwe kwa hadubini.

Kwa hiyo naandika, na ninaandika wazi. Kipimo kikisema huna malaria, usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha. Mwache mganga akutafutie kinachokuchoma. Homa isipotulia ndani ya siku moja au mbili, au mtoto akilegea, akikataa kunyonya, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, rudi mara moja, na uliza kama unaweza kupimwa kwa hadubini. Kurudi si kumtusi muuguzi. Una haki ya kuuliza, kama shangazi alivyouliza, na unastahili jibu.

## Kwa nini tusibadili tu

Mtu atasema: kama HRP2 ina hatari, tuachane nayo kesho asubuhi.

Kipo kitu kingine cha kutafuta, kimeng'enya kiitwacho LDH. Kimelea hukitumia kupata nguvu kutoka kwenye sukari, na hakiwezi kukitupa kikaendelea kuishi. Ukikitafuta hicho, hakuna wa kuponyoka kwa njia ile. Faida nyingine ni kwamba huisha upesi mgonjwa akipona, hivyo hakimsumbui mtu aliyekwisha kutibiwa.

Tatizo ni kwamba vipimo vya LDH, kwa jinsi vilivyo, kwa kawaida havioni vizuri vimelea vikiwa vichache. Ukivileta mahali ambapo kupotea kwa pfhrp2 ni nadra, utawakosa wagonjwa wengi zaidi ya wale uliotaka kuwaokoa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: nchi ibadili vipimo pale wagonjwa wanaokosekana kwa sababu ya jeni hii wanapozidi asilimia 5. Kiwango hicho kimekisiwa kuwa ndipo hasara ya kubaki inapoanza kuipita hasara ya kubadili. Mwanzoni nilikiona kikatili, kama mtu ameketi mezani akahesabu watoto wangapi wavumiliwe. Baada ya kuelewa hesabu ya upande wa pili, nimekubali kwamba kabla ya mpaka huo, kubadili kungewakosesha matibabu watoto wengi zaidi.

Ila mpaka wa asilimia 5 una masharti. Unafanya kazi kama mtu anapima kweli, na anarudia kupima. Mwongozo unataka nchi iliyo chini ya mpaka irudie uchunguzi baada ya mwaka mmoja au miwili, maana Pembe ya Afrika imeonyesha jinsi hali inavyoweza kugeuka. Namba za 2021 zinaeleza 2021.

Uchunguzi huo ni kazi ya watu. Ni mhudumu wa kituo anayekubali kutoboa kidole kwa vipimo viwili badala ya kimoja, na kukausha matone kwenye karatasi wakati foleni inanung'unika. Ni dereva, ni jokofu, ni kijana wa maabara anayejua kutofautisha ukimya wa jeni iliyopotea na ukimya wa sampuli mbovu. Sehemu kubwa ya fedha za malaria katika nchi zetu, vipimo vyenyewe vikiwemo, imekuwa ikitoka nje, na Januari 2025 tuliona Marekani ikisimamisha misaada yake kwa tangazo la siku moja. Nchi ikibanwa, inanunua dawa kwanza, na haikosei. Kinachoachwa ni kile ambacho hakuna mgonjwa anayekipigia kelele dirishani.

Nami nimeamua kukipigia kelele. Nimemwandikia mbunge wetu, na ninawaomba mlio karibu na wizara, na halmashauri, na vyuo, muulize pamoja nami: uchunguzi unaofuata wa hrp2 kwa Tanzania unafanyika mwaka gani, mikoa ipi imo, Kagera na mikoa yenye malaria kidogo zimo, na fedha yake imetengwa kwenye bajeti ya nani?